Uchovu Usiokwisha: Tezi ya Shingo na Mafuta kwenye Ini

(Muziki wa kipindi, kisha unashushwa.)

Kama una kazi mkononi endelea nayo, bora masikio yawe huku. Na kama jirani yako redio yake imezimwa, mgongee mlango umwambie aiwashe, kwa maana mada ya leo inawahusu wengi ambao hawajui kwamba inawahusu.

Leo tunazungumzia viungo viwili ambavyo ni nadra kuvitaja pamoja. Cha kwanza ni tezi ndogo iliyo mbele ya shingo. Cha pili ni ini. Tutaeleza jinsi tezi hiyo inapolegea kazini, mafuta yanavyoweza kujaa kwenye ini, hata kwa mtu ambaye hajawahi kuonja pombe maishani mwake. Tutaeleza pia kwa nini mtu aliyeambiwa kwamba ini lake lina mafuta anafaa kumuuliza daktari swali moja zaidi kabla ya kuondoka kliniki.

MFANO WA MAMA MMOJA

Mpenzi msikilizaji, hebu tuchukue mfano. Kuna mama anayeishi Gatina. Kila asubuhi hutembea hadi Lavington kutafuta kazi ya kufua nguo. Kwa miezi sita sasa amekuwa mchovu. Hulala mapema na kuamka kana kwamba hakulala. Sketi zake hazifungi tena, ingawa chakula chake ni kile kile. Huvaa sweta mbili hata mwezi wa Februari, wakati wenzake wanatafuta kivuli. Choo chake ni kigumu, nywele zinakatika, na hedhi imekuwa nzito kuliko zamani. Tajiri wake anasema amekuwa mvivu. Nyumbani wanasema ana mawazo.

Mama anapimwa malaria, hana. Anapewa dawa za kuongeza damu, hapati nafuu. Mwishowe anapigwa picha ya tumbo kwa mashine ya altrasaundi na kuambiwa, "Mama, ini lako lina mafuta." Habari zinafika kwenye ploti kabla yake, na majirani wanaanza kunong'ona kwamba kumbe mama anakunywa chang'aa kwa siri. Yeye hajawahi kunywa. Anabaki na ugonjwa, na tena anabaki na aibu isiyo yake.

Mama huyu tumemtunga sisi kwa ajili ya mafunzo, lakini hakuna hata jambo moja kati ya hayo ambalo haliwapati watu. Wengi huenda mwaka mzima au zaidi wakitibiwa dalili moja moja, bila mtu kuuliza chanzo.

TEZI YA SHINGO HUFANYA KAZI GANI?

Weka vidole mbele ya shingo, chini kidogo ya kikoromeo. Hapo ndipo ilipo tezi inayoitwa thairoidi. Umbo lake ni kama kipepeo aliyekunjua mabawa, na kwa mtu mzima uzito wake ni kama gramu 20 tu. Ni ndogo, lakini mwili mzima unaitegemea.

Tezi hii hutengeneza homoni, yaani vichocheo vinavyosafiri katika damu na kuuambia mwili utumie chakula kwa kasi gani. Fikiria jiko la makaa. Chini yake kuna kimlango cha kuingiza hewa. Ukikifunga, makaa hayazimi mara moja, lakini hayashiki moto sawasawa, na sufuria inakaa saa nzima bila kuchemka. Homoni ya tezi ni kama hewa inayopita katika kimlango hicho. Ikipungua, kila kitu mwilini kinakwenda polepole: moyo, tumbo, akili, ngozi, misuli, na ini pia.

Nani anaisimamia tezi hii? Kuna tezi nyingine ndogo chini ya ubongo ambayo hutuma ujumbe uitwao TSH. Mfano wake ni msimamizi wa mjengo. Mfanyakazi akifanya kazi vizuri, msimamizi huzungumza kwa sauti ya kawaida. Mfanyakazi akilegea, msimamizi hupiga kelele. Hivyo basi tezi ya shingo inapolegea, TSH katika damu hupanda. Shikeni jambo hili, kwa sababu wengi husoma karatasi ya maabara wakaona TSH iko juu, wakadhani tezi inafanya kazi kupita kiasi. Mara nyingi ni kinyume chake: msimamizi anapiga kelele kwa sababu mfanyakazi amechoka.

INI NALO?

Ini liko upande wa kulia, chini ya mbavu. Kwa mtu mzima lina uzito wa kama kilo moja na nusu. Ni jiko na ghala kwa pamoja. Hupokea chakula kilichosagwa tumboni, huweka akiba ya sukari, hutengeneza nyongo, huondoa sumu, na huamua ni mafuta gani yachomwe na yapi yapelekwe kwingine.

Mafuta kidogo kwenye ini si ugonjwa. Yakizidi sehemu 5 kwa kila 100 ndipo madaktari husema ini lina mafuta. Hatua ya kwanza ni mafuta peke yake, na hapo ini huweza kurudi hali yake. Hatua ya pili ni ini kuwaka kwa ndani, yaani kupata uvimbe unaoumiza chembechembe zake. Ya tatu ni makovu. Makovu yakienea, ini hukakamaa na kushindwa kazi, na kwa wengine huzaa saratani. Si kila mtu hufika huko. Wengi hubaki hatua ya kwanza. Lakini ini halina kelele. Huweza kuharibika kwa miaka mingi bila maumivu yoyote.

Sasa kuhusu pombe. Ni kweli pombe huleta mafuta kwenye ini, na chang'aa haina huruma. Lakini si pombe peke yake. Mwaka 1980 Dakta Jürgen Ludwig na wenzake wa Mayo Clinic, Marekani, waliandika kuhusu wagonjwa 20 ambao ini lao lilionekana kama la mlevi, ilhali hawakuwa walevi. Tangu hapo ugonjwa huu umejulikana duniani kote. Mwaka 2023 wataalamu waliubadilishia jina ili lieleze kwamba chanzo ni jinsi mwili unavyotumia chakula, na pia kupunguza aibu inayowapata wagonjwa. Kwa hiyo, mpendwa, jirani yako akiambiwa ana mafuta kwenye ini, usimhesabie chupa.

TEZI IKILEGEA, MAFUTA HUINGIAJE KWENYE INI?

Kuna njia tatu kubwa.

Kwanza, ini lenyewe hupokea amri kutoka kwa homoni ya tezi. Homoni ikiwa ya kutosha, ini huchoma mafuta kuwa nguvu. Homoni ikipungua, ile kazi ya kuchoma inapungua, na mafuta yanabaki ghalani.

Pili, ini ndilo linalookota kolesteroli mbaya kutoka kwenye damu. Tezi ikilegea, uokotaji huo hupungua. Kolesteroli hupanda katika damu, na moyo na mishipa huwekwa hatarini. Ndiyo sababu daktari akiona kolesteroli ya mtu iko juu bila sababu ya wazi, humpima tezi.

Tatu, mwili wote hupunguza mwendo. Mtu huchoka kutembea, huongezeka uzito, na homoni ya insulini, ambayo huingiza sukari kwenye chembechembe za mwili, haifanyi kazi vizuri kama zamani. Sukari inayobaki hupelekwa kwenye ini na kugeuzwa mafuta.

Utauliza, je, haya yamepimwa kwa watu? Ndiyo. Huko Korea Kusini, utafiti uliochapishwa 2012 ulilinganisha watu zaidi ya 2,000 wenye tezi iliyolegea na wengine wenye tezi nzima. Katika kundi la tezi iliyolegea, karibu 30 kati ya kila 100 walikuwa na mafuta kwenye ini. Katika kundi la pili walikuwa karibu 20 kati ya 100. Huko Rotterdam, Uholanzi, watu zaidi ya 9,000 walifuatiliwa kwa muda wa miaka 10 hivi, na matokeo yakachapishwa 2016. Waliokuwa na tezi iliyolegea walipata mafuta kwenye ini zaidi ya wenzao.

Tena mwezi wa Machi 2024, Marekani iliidhinisha dawa ya kwanza ya ini lenye mafuta na makovu kwa watu wasio walevi. Dawa hiyo, resmetiromu, hufanya kazi kwa kugonga mlango ule ule ndani ya ini ambao homoni ya tezi huugonga. Tumeitaja si kwa sababu mtakwenda kuinunua kesho, bali kwa sababu inaonyesha jinsi viungo hivi viwili vilivyofungamana.

Lakini tusipotoke. Walio wengi wenye mafuta kwenye ini wana tezi nzima. Chanzo chao ni uzito uliozidi, kisukari au vyakula na vinywaji vyenye sukari nyingi. Uchunguzi wa kitaifa wa 2015 hapa Kenya ulionyesha kwamba karibu wanawake 4 kati ya 10 walikuwa na uzito uliozidi. Tezi ni chanzo cha wachache, ila ni chanzo kinachotafutwa kwa kipimo kimoja cha damu na ambacho kina dawa. Ndiyo maana si vizuri kukipita.

NI NANI ANAYEWEZA KUPATA TEZI ILIYOLEGEA?

Yeyote anaweza, lakini wanawake hupata mara kadhaa zaidi ya wanaume, na hatari huongezeka kadiri umri unavyosonga. Vyanzo ni hivi:

1. Kinga ya mwili kuishambulia tezi yenyewe. Ugonjwa huu huitwa Hashimoto, kwa jina la daktari Mjapani Hakaru Hashimoto aliyeueleza mwaka 1912. Hauambukizi na si laana. Wakati mwingine hufuata ukoo.

2. Ukosefu wa madini ya ayodini, ambayo Tanzania huitwa madini joto. Tezi huyatumia kutengeneza homoni. Zamani wazee wengi wa nyanda za juu walikuwa na goita, ule uvimbe wa shingo ambao pia huitwa rovu. Hapa Kenya sheria imetaka chumvi ya chakula itiwe madini haya tangu 1978.

3. Upasuaji wa tezi, au matibabu ya miale kwa tezi iliyokuwa ikifanya kazi kupita kiasi.

4. Baadhi ya dawa. Baadhi ya dawa za kifua kikuu sugu, kama ethionamidi, huweza kuilegeza tezi. Vivyo hivyo lithiamu ya ugonjwa wa akili na amiodaroni ya moyo. Kama unatumia mojawapo, usiiache! Mwambie daktari wako dalili zako, naye atakupima.

5. Kujifungua. Baadhi ya akina mama hupata shida ya tezi katika mwaka wa kwanza baada ya kuzaa, na mara nyingi hudhaniwa ni uchovu wa kulea.

DALILI ZA KUANGALIA

Tezi iliyolegea huja polepole kama maji yanayopanda mtaroni. Angalia haya: uchovu usioisha kwa kulala, kusikia baridi kuliko wenzako, uzito unaopanda bila kula zaidi, choo kigumu, ngozi kavu na nywele kukatika, uso kujaa hasa asubuhi, sauti kuwa nzito, kusahau, huzuni, hedhi nzito au isiyo na mpangilio, kuchelewa kushika mimba, moyo kupiga polepole.

Kila moja ya dalili hizi ina sababu nyingine nyingi. Uchovu waweza kuwa ukosefu wa damu, kisukari, kifua kikuu, virusi vya Ukimwi, mimba, au njaa na mawazo. Na baridi ya mwezi wa Julai Nairobi hutupata sote. Kwa hiyo usijitangazie ugonjwa ukiwa nyumbani. Lakini ukiona dalili tatu au nne pamoja, zikakaa majuma kadhaa, nenda ukapimwe.

SWALI LA KUMUULIZA DAKTARI

Sasa tumefika kwenye kiini cha mazungumzo ya leo. Ukiambiwa ini lako lina mafuta, uliza hivi: "Daktari, je, tezi yangu ya shingo imepimwa?" Na ukiambiwa tezi yako imelegea, geuza swali: "Daktari, je, ini langu, kolesteroli yangu na sukari yangu vimepimwa?"

Kipimo cha tezi ni damu kidogo tu ya mkononi, na jina lake ni TSH. Ikionekana si ya kawaida, hupimwa pia homoni yenyewe, inayoitwa T4. Anzia kituo cha afya kilicho karibu, kwa mfano kile cha Riruta. Zahanati ndogo nyingi hazina mashine ya kipimo hiki, kwa hiyo watachukua damu na kuipeleka maabara kubwa, au watakuandikia barua ya kwenda hospitali kama Mbagathi au Kenyatta. Uliza bei kabla ya kutolewa damu. Kama umejiandikisha na SHA, mamlaka iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi wa Oktoba 2024, uliza ni nini kinacholipiwa katika kituo hicho.

Omba pia upimwe virusi vya homa ya ini aina ya B na C, kwa sababu navyo huumiza ini kimyakimya. Na usiwasahau wahudumu wa afya ya jamii wanaotembelea nyumba zetu. Mikoba waliyoanza kugawiwa na serikali mwaka 2023 ina mizani, mashine ya presha na ya sukari. Ni mwanzo mzuri, na hauhitaji nauli ya matatu.

MATIBABU

Mwaka 1891 Dakta George Murray wa Newcastle, Uingereza, alimdunga mama wa miaka 46 maji yaliyotolewa kwenye tezi ya kondoo. Mama huyo alikuwa amelegea, amevimba uso, hana nguvu. Alipata nafuu, akaendelea na matibabu hayo, na akaishi hadi 1919, akafariki akiwa na miaka 74. Siku hizi hatuhitaji kondoo. Kuna kidonge kiitwacho levothairoksini, ambacho ni homoni ile ile ya tezi. Ukipewa, fuata haya:

- Kimeze asubuhi tumbo likiwa tupu, kwa maji matupu. Subiri nusu saa hadi saa moja kabla ya kunywa chai ya maziwa au kula. Chai, kahawa na maziwa huzuia dawa isiingie vizuri mwilini.
- Kama unatumia vidonge vya kuongeza damu au vya kalsiamu, viache mbali na dawa hii kwa saa 4.
- Usikiweke dirishani wala karibu na jiko. Nyumba ya mabati hupata joto sana mchana, kwa hiyo tafuta mahali penye ubaridi na pakavu.
- Rudi upimwe tena baada ya majuma 6 hadi 8, ili daktari arekebishe kipimo cha dawa.
- Usiache kwa sababu umepata nafuu. Kwa wengi ni dawa ya maisha. Mama mwenye mimba asiiache kabisa. Amwone daktari mapema, kwa maana mtoto tumboni anaihitaji.

Je, kidonge hiki kitaondoa mafuta kwenye ini? Tuseme ukweli. Tezi ikirudi kawaida, kolesteroli kwa kawaida hushuka, nguvu hurudi, na ini hupata nafasi ya kuchoma mafuta yake. Kwa baadhi ya watu mafuta hupungua. Lakini kidonge si ufagio. Kama uzito umezidi, lazima uchangie mwenyewe.

Na yule ambaye tezi yake ni nzima asimeze dawa hii ili apungue mwili. Homoni ikizidi, moyo hupiga ovyo na mifupa hupungua nguvu. Usimgawie jirani vidonge vyako.

KUPUNGUZA MAFUTA YA INI KWA MFUKO WA GATINA

Mtu mwenye uzito uliozidi akipunguza sehemu 5 kwa 100 ya uzito wake, mafuta ya ini huanza kupungua. Akifikisha 7 hadi 10 kwa 100, hata ule uvimbe wa ndani ya ini huweza kutulia. Kwa mtu wa kilo 80, hizo ni kilo 4 kwa mwanzo, kisha kati ya kilo 6 na 8. Fanya polepole, nusu kilo hadi kilo moja kwa juma. Usijinyime chakula kabisa. Njaa kali huweza kuliumiza ini.

Anza na vinywaji. Soda na juisi za unga ni sukari tupu, na ini huzigeuza mafuta upesi. Kunywa maji safi. Punguza sukari kwenye chai kijiko kimoja kila juma. Pili, chipsi, mandazi na bhajia ziwe za siku moja moja. Tatu, ukubwa wa ugali upungue na mboga iongezeke. Maharagwe, ndengu, omena na githeri hushibisha bila kukufilisi. Nne, tembea. Dakika 30 kwa siku 5 za juma zinatosha kuanzia. Anayetembea kwenda kazini na kurudi tayari amefanya zoezi. Tano, kama ini lako lina shida, acha pombe kabisa.

DAWA ZA KUSAFISHA INI

Mtaani kuna wanaopita na spika wakiuza chupa za kusafisha ini na za kuyeyusha goita. Mpenzi msikilizaji, ini hujisafisha lenyewe likiachiliwa mzigo. Hatujui ndani ya chupa hizo mna nini, na baadhi ya mitishamba huweza kuliharibu ini kabisa. Pesa za chupa mbili tatu huenda zingechangia kipimo. Kama tayari unatumia dawa ya aina hiyo, usione haya kumwambia daktari.

MASWALI AMBAYO HUULIZWA MARA KWA MARA

Je, niache sukuma wiki na kabichi? Watu wamesikia kwamba mboga hizi huharibu tezi. Zikipikwa na kuliwa kwa kiasi cha kawaida, na chumvi yako ikiwa na ayodini, hazina shida. Kula sukuma yako.

Je, niongeze chumvi ili tezi ipone? Hapana. Chumvi nyingi hupandisha presha, na ayodini ikizidi nayo huisumbua tezi. Tumia kidogo, ya pakiti iliyoandikwa kwamba ina ayodini, na uihifadhi kwenye chombo chenye kifuniko, mbali na unyevu na moto.

Shingo yangu haijavimba. Je, niko salama? Si lazima. Tezi huweza kulegea bila goita, na mwenye goita huweza kuwa na tezi inayofanya kazi vizuri. Kipimo ndicho husema.

Je, ni lini nikimbilie hospitali? Macho yakiwa ya manjano, tumbo likijaa maji, ukitapika damu au ukipata choo cheusi kama lami. Vilevile mgonjwa wa tezi akisinzia asiamke vizuri, mwili ukawa baridi na akachanganyikiwa, huo ni msiba unaokuja, msingoje asubuhi.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Uchovu usiokwisha si uvivu. Tafuta chanzo.
2. Mafuta kwenye ini si ushahidi wa ulevi.
3. Tezi iliyolegea huweza kuchangia mafuta kwenye ini na kolesteroli ya juu.
4. Ukiwa na shida moja, omba nyingine ipimwe.
5. Tezi ina dawa. Ini likishikwa mapema huweza kurudi hali yake.

Kwa vikundi vinavyosikiliza pamoja, jadilini haya: Je, hapa kwetu mtu mchovu huitwa nani? Maneno hayo humcheleweshaje kupata matibabu? Na chama chetu kinaweza kufanya nini kumsaidia mwenzetu alipie kipimo?

Wasikilizaji, muda wetu umekwisha. Ukimjua mtu aliyebadilika polepole, mama aliyekuwa na mbio sasa anajikokota, usimseme. Mfuate, umpe habari hii, na ukiweza umsindikize kliniki. Juma lijalo tutazungumzia presha kwa wajawazito. Mpaka wakati huo, tunzeni afya zenu. Kwaherini.

(Muziki wa kipindi.)